Siku Niliyowatafsiria Watu Milima ya Chivay

Nitasimulia, lakini mniruhusu niangalie chini, maana mpaka leo nikikumbuka nilivyosimama mbele ya watu mia na zaidi na kipaza sauti mkononi, masikio yananiwaka moto kama nimewekewa dawa ya nywele ikasahaulika. Aibu nyingine mtu unaisahau ukihama mtaa. Hii yangu siwezi kuihama, kwa sababu kila Jumapili naikuta imekaa kanisani inaningoja.

Naitwa Masika. Nasuka nywele Isipingo, hapa Durban, karibu na rank ya taxi, yaani kituo chao, kwenye saluni ya viti vinne na feni moja inayogeuka pale inapojisikia. Kwetu ni Lubero, kule juu Kivu ya Kaskazini, mahali ambapo asubuhi ukiongea mdomo unatoa moshi na watoto wana mashavu mekundu yaliyopasuka kwa upepo (ukimwambia mtu wa Durban kwamba iko sehemu ya Kongo ambayo watu wanalala na mablanketi matatu, anakuona mwongo). Nina mwaka wa kumi na moja hapa. Jumapili nasali Sydenham, kwenye ukumbi wa shule ambao kanisa letu linakodi, sisi Wakongo na Warundi, pamoja na wachache waliooa au kuolewa kwetu.

Sasa, habari ya Kihispania. Nilipokuwa msichana nikisoma Butembo, mji wa karibu na kwetu, jirani yetu alikuwa na televisheni, na kila jioni tulikuwa tunajazana kwake kuangalia zile tamthilia za mapenzi za Wamexico, zilizotafsiriwa kwa Kifaransa, ila nyimbo zake na vineno vya hapa na pale viliachwa kama vilivyo. Ndiyo shule yangu yote. Nilitoka na maneno kama kumi: mi amor (mpenzi wangu), corazón, señora (bibi), por favor (tafadhali), perdóname, na mengine ya kulia na kubusu. Saluni niliyatumia kama viungo kwenye mchuzi. Mteja akiingia namwambia, "Mi amor, kaa hapa, por favor," wanacheka, wanasema Masika huyu mbona anajua Kihispania, na mimi sikusema najua, lakini pia sikusema sijui. Nilikuwa natabasamu tu na kuendelea kusuka. Tabasamu lile ndilo lililoniponza.

Kanisani kwetu tuna mama mmoja Mrundi, Mama Consolate, mtu mpole, msemaji wa maneno machache, anafanya usafi hospitali. Huko wodini alimkuta baharia mmoja amelazwa, amepasuliwa tumbo ghafla meli yake ikiwa bandarini, na meli imeondoka imemwacha. Mtu wa Peru. Hajui Kizulu, Kiingereza chake ni cha jikoni mwa meli (alikuwa mpishi: mchele umeisha, chakula tayari, yes chief, basi). Mama Consolate akimaliza kupiga deki anakaa naye kidogo, anampelekea uji kwenye chupa, anamrekebishia mto. Siku alipotoka hospitali wakampeleka nyumba ya mabaharia kungoja ndege ya kumrudisha kwao, na yeye kwa ishara na vipande vya Kiingereza akaeleweka kwamba kabla ya kuondoka anataka kuja kanisani kwa yule mama.

Jumamosi mchana niko nasuka, simu inaita, ni Pasteur wetu.

"Masika, watu wananiambia wewe unajua espagnol."

Hapa ndipo, ndugu zangu. Hapa kulikuwa na mlango na mlango ulikuwa wazi kabisa, ningesema tu, Pasteur, hapana, najua maneno kumi ya mapenzi. Lakini mteja alikuwa ananisikiliza, na yule msichana wa kiti cha pili amepunguza dryer ili asikie vizuri. Nikasema, kwa ile sauti ya mtu mnyenyekevu anayejua mengi:

"Kidogo tu, Pasteur."

"Asifiwe Bwana! Kesho ndugu Eusebio atatoa ushuhuda, wewe utatafsiri. Nilikuwa nafikiri tutumie simu, siku hizi simu zinatafsiri."

Nikamjibu (Mungu anisamehe, nilijibu bila hata kufikiri): "Pasteur, simu itatafsiri maneno, lakini nani atatafsiri moyo?"

Halafu akasema, "Amen."

Jumapili nilivaa kitenge changu cha njano na viatu virefu. Nilijipa moyo njia nzima ndani ya taxi: Kihispania si kinafanana na Kifaransa, na Kifaransa nimekisoma mpaka secondaire, neno moja nikilishika na mengine yatakuja yenyewe. Tulipopita robot ya mwisho, zile taa za barabarani, kabla ya kanisa tayari nilikuwa naona wivu wa watu.

Eusebio alikuwa mtu mfupi, kifua kipana, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kupita kiasi, na mkono mmoja ameushikilia tumboni pale kwenye mshono. Kitu cha kwanza nilichoona ni mashavu yake. Mekundu meusi, yamekauka, yana vimistari. Nikasema moyoni, huyu amekulia kwenye baridi, na ghafla nikamhurumia na nikakumbuka kwetu kwa mkupuo mmoja, kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Pasteur akanipa kipaza sauti. Eusebio akanigeukia, akasema kitu kirefu, haraka haraka, cha adabu. Sikushika hata neno moja. Kwenye televisheni wale watu walikuwa wanaongea polepole, wakilia. Huyu alikuwa anaongea kama maji. Watu wananiangalia. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Por favor, mi amor."

Mbele ya kanisa. Kwa baharia. Akarudi nyuma hatua moja, akamwangalia Pasteur kama anayeuliza kama hapa ndipo penyewe. Halafu nadhani akajisemea kwamba ni desturi zetu, akatabasamu, akaendelea.

"Anawasalimu wote katika jina la Bwana," nikasema.

"Amen!"

Alikuwa na picha kwenye simu, na kijana wa mitambo akaziunganisha na projekta ile tunayowekea maneno ya nyimbo. Ikatokea ya kwanza: mji mdogo umelala katikati ya milima, paa za mabati, mnara wa kanisa jeupe, na nyuma yake mlima una kitu cheupe kichwani. Akasema, "Chivay," akajigusa kifua. Hilo nililielewa, na nikalitafsiri vizuri kabisa: "Kwao panaitwa Chivay. Ni juu sana. Iko baridi." (Baadaye nilikuja kujua kwamba hii ndiyo sentensi pekee ya kweli niliyotoa siku ile.)

Picha ya pili, mashamba yamepanda mlimani kwa ngazi za mawe, ngazi juu ya ngazi, yamekwenda mpaka juu huko. Yeye anaonyesha kwa kidole, anasema papa, papa, tena papa, mara sita au saba. Nikasema, "Haya ni mashamba ya baba yake." Akaendelea na papa zake. Nikaongeza, "Na baba zake wadogo. Wote. Ni ukoo mkubwa."

Picha ya tatu, watu wako ndani ya bwawa, mvuke unapanda mpaka hauoni nyuso vizuri. Nikaona hapa sina haja ya kuhangaika. "Hapa wanabatizwa," nikasema, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe, mzee mmoja mbele akasimama kabisa na kupunga leso. Eusebio akashangaa kwa nini tunafurahia sana yale maji, lakini alifurahi pia.

Halafu akaweka viganja viwili juu ya kichwa chake, akavivuta kwenda juu, kama anakirefusha kichwa kiwe na ncha, akaonyesha mlima, akarudia. Nikawaza. Nikasema wanawake wa kwao wanabeba mizigo mirefu sana kichwani. Mama mmoja akaitikia, "Kama sisi!"

Na hapo kwenye "kama sisi" kitu kilinitoka. Sijui niwaelezeje. Picha zile zilikuwa zinapita, ukungu umekaa bondeni, ng'ombe wamesimama kwenye majani yenye barafu nyembamba ya asubuhi, mwanamke amejifunga shuka mgongoni na mzigo, njia ya vumbi inapanda na kupotea, na mimi nikaacha kabisa kumsikiliza mwenye picha. Yeye alikuwa anaongea, mimi naongea. Nikawaambia jinsi asubuhi ukungu unavyoingia mpaka jikoni ukikuta mlango wazi. Jinsi mama anavyofukia viazi ulaya kwenye majivu ya moto na kuvitoa kwa vidole vyake, havimuunguzi, na wewe mtoto unakirusha cha kwako mkono huu na mkono ule huku unapuliza. Harufu ya mikaratusi baada ya mvua. Siku ya soko, watu wanashuka kutoka kila kilima kabla jua halijatoka na ukiwa juu unawaona kama mistari ya siafu, unawatambua kwa vitenge vyao, yule shangazi, yule mama Kavugho. Jinsi watoto wanavyokwenda kuchota maji mikono imefichwa kwapani. Nikasema na kengele ya misheni, jinsi sauti yake inavyochelewa kufika kwa sababu ya bonde.

Ukumbi ukanyamaza. Nikaona baba mmoja wa Masisi, milima ya Kivu kama kwetu, mwanaume mgumu, anafanya kazi ya makontena bandarini, anajifuta macho kwa tai yake. Mama Consolate, mstari wa pili, kitambaa chake cha Kirundi begani, ameinamisha kichwa. Sijawahi kupewa ukimya wa namna ile maishani mwangu, na nitasema ukweli, ulikuwa mtamu.

Ingeishia hapo ningetoka salama. Lakini Eusebio akafungua mfuko wake wa plastiki akatoa kofia. Kofia ya kike, duara, imedariziwa kote kwa nyuzi za rangi, ndege wadogo na maua, kazi ya ajabu. Aliishika kwa mikono miwili kama sahani imejaa maji. Akasema maneno, na ndani ya maneno yale nikasikia señora! Neno langu! Nikarukia.

"Ni zawadi kwa madame. Kwa mke wa Pasteur."

Mke wa Pasteur alikuwa amesafiri Johannesburg. Kwa hiyo Pasteur, kwa furaha na kwa heshima ya mgeni, akapanda jukwaani akaipokea kwa niaba yake, na watu walipoanza kutoa simu wapige picha, akaivaa. Pasteur wetu ni mtu mkubwa. Ile kofia ilikaa juu ya kichwa chake kama kifuniko cha birika. Akainama kulia, akainama kushoto. Watu wakacheka kwa furaha, wakapiga makofi, na mimi nikacheka, na nilipomgeukia Eusebio nikaona yeye hacheki. Mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa mbele, mitupu, na macho yake yanamtafuta Mama Consolate.

Nikadhani ni haya. Akaja karibu yangu, akaongea polepole sasa, kama mtu anayeongea na mtoto, mkono kifuani. Na kwa sababu alikuwa anaongea polepole nikasikia kila neno: "Mi mamá murió." Akarudia. Mamá, nimeelewa. Murió... amor, amore, mapenzi! Machozi yakaanza kumtoka, na kwenye tamthilia zangu zote watu walikuwa wanalia wakisema mapenzi, kwa hiyo sikuwa na shaka hata chembe. Nikainua kipaza sauti.

"Anasema anampenda mama yake! Anawapenda kina mama wote! Kina mama, mko wapi? Mpigieni vigelegele!"

Wakapiga. Jamani, wakapiga. Mama Consolate, yule mama asiyesikikaga, ndiye aliyeanza, alisimama kabisa, mikono juu, sauti nyembamba ikapanda mpaka kwenye mabati, na wengine wote wakamfuata, ngoma ikaingia, na katikati ya kelele yote ile yule mtu amesimama analia, anatuangalia mmoja mmoja.

Wakati huo Dada Lurdes alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma. Lurdes ni Mmozambique, mume wake ni Mkongo wa kwetu kanisani, siku ile alichelewa kwa sababu alikuwa kwenye zamu ya kupika chai. Kireno na Kihispania ni ndugu, ninyi mnajua, mimi nilisahau. Niliona anakuja katikati ya viti, aproni bado kiunoni, anapunga mkono watu wanyamaze, na nikadhani naye amefurahi. Akafika chini ya jukwaa akanishika mguu.

"Masika. Nyamaza. Haiko vile."

"Haiko vile nini?"

"Anasema mama yake alikufa."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu, na ukumbi mzima ukasikia. Ngoma ndiyo ilikuwa ya mwisho kunyamaza. Pasteur akainua mkono taratibu akaivua kofia, na hakujua aiweke wapi.

Mimi nilitafuta shimo kwenye mbao za jukwaa, halikuwepo. Nikampa Lurdes kipaza sauti. Ningeweza kushuka, lakini kwa viatu vile virefu ningeanguka mbele ya wote, nikabaki nimesimama pale pale, pembeni, kama kiti kilichosahauliwa, nikasikiliza ushuhuda kama ulivyokuwa.

Eusebio akarudia yote, Lurdes akimkatiza mara kwa mara kuuliza neno. Alisema mji wao uko kwenye bonde linaloitwa Colca, juu sana, mgeni akifika siku ya kwanza anaumwa kichwa na anatembea kama mzee. Zile ngazi za mawe zilijengwa na mababu zao, wengine kabla hata ya Wainka, na mpaka leo watu wanalima hapo hapo, maji yanashuka kwa mifereji kutoka kwenye theluji. Papa ni viazi. (Si baba. Viazi. Nilikuwa nimempa baba saba.) Kwenye magenge kuna maghala ya zamani ya kuwekea nafaka, na ndiko jina la bonde lilikotoka. Lile bwawa la mvuke ni maji yanayotoka ardhini ya moto, watalii wanakuja kuoga na wenyeji wanakuja kutuliza mifupa. Watalii wengine wanakuja kwa ajili ya ndege mkubwa, kondori, anayepanda asubuhi kutoka chini ya korongo bila kupiga bawa, ananyanyuliwa na hewa tu. Na habari ya kichwa kirefu: zamani watu wa kule walikuwa wanawafunga watoto wachanga vichwa vikue virefu vifanane na mlima waliouamini kuwa ndiko walikotoka. Wahispania walipokuja wakakataza. Waliwatoa watu kwenye mashamba walikotawanyika, wakawakusanya vijijini, kila kijiji uwanja na kanisa. Siku hizi wanawake wa kule hawabadilishi tena vichwa, wana kofia. Ukiona kofia ya mtu unajua ni wa ukoo gani.

Mama yake alikuwa mdarizi wa kofia. Alikaa na cherehani yake karibu na soko maisha yake yote.

Na siku moja Eusebio yuko wodini, hana hata siku tano tangu apasuliwe, dada yake akapiga simu. Alipoishusha simu hakuwa na mtu wa kumwambia. Angemwambia nesi kwa lugha gani? Mama Consolate alikuwa pale na deki yake. Akamwona. Hakuuliza kitu. Aliweka deki ukutani, akakaa kitandani, akamkumbatia kichwa, akakaa naye mpaka zamu yake ikaisha na zaidi. "Anasema," Lurdes akasema, "anasema alikuja leo ili huyu mama ajue siku ile alikuwa analia nini. Na kofia ndiyo ya mwisho ambayo mama yake alimtengenezea, ampe mke popote atakapompata. Anataka ichukuliwe na huyu señora."

Pasteur alishuka mwenyewe mpaka mstari wa pili. Mama Consolate alikuwa ameketi, amefunika mdomo kwa viganja vyote viwili, ule mdomo uliopiga vigelegele. Pasteur alipomwekea kofia mapajani hakuivaa. Aliipapasa tu, ndege mmoja baada ya mwingine.

Baada ya ibada kulikuwa na chai. Nilitaka nipite mlango wa nyuma niende zangu Isipingo, nisirudi tena, nitafute kanisa la Kizulu ambako hawanijui, lakini Lurdes akanishika mkono. Eusebio alikuwa anataka kujua jambo moja: mimi nilikuwa nawaambia nini watu muda wote ule, mpaka yule baba wa makontena akalia?

Hapo sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia Lurdes amwambie. Kwamba sijui Kihispania. Kwamba nilikuwa nasimulia kwetu, Lubero. Alivyokuwa anaonyesha milima yake mimi nilikuwa naona yangu. Nilikuwa nasubiri anitukane, na ingekuwa haki yake. Badala yake akauliza kwetu tunalima nini. Nikasema maharage, ngano kidogo, lakini zaidi viazi ulaya. Lurdes alipotafsiri "viazi", uso wake ukabadilika. Alisema, "Lakini viazi ni vya kwetu! Vilitoka kwetu vikaenda duniani kote!" Akauliza tunavyo vya aina ngapi, rangi gani, kama baridi huvichoma. Nikajibu nilichokumbuka. Akasema kwao vinaachwa nje vigande kwa baridi kisha wanavikanyaga kwa miguu na kuvianika, vinakaa miaka. Nikasema sisi hatufanyi hivyo, sisi vinaoza. Akacheka, akashika mshono wake kwa maumivu, akaomba nimwonyeshe picha ya kwetu.

Sikuwa nayo. Hilo ndilo lililoniliza, si aibu. Miaka kumi na moja, simu nne nimebadilisha, na sina picha hata moja ya kile kilima, na watu wa kijiji chetu vita vimewatawanya, mama yangu mwenyewe sasa anaishi Butembo kwenye chumba cha kupanga na hana moto wa majivu. Eusebio akatafuta kwenye simu yake ile picha ya ng'ombe na barafu nyembamba, akaniwekea mkononi, akaniacha niiangalie nitakavyo.

Mama Consolate nilimkuta nje kwenye ngazi, kofia imo ndani ya mfuko wake wa plastiki.

"Mama, nisamehe."

Aliukunja mdomo wa mfuko ule. "Nimepiga vigelegele kwenye msiba wa mtoto wa mtu, Masika. Mimi. Na mimi ndiye nilikuwa nimemshika."

"Ni mimi niliyekudanganya."

"Ndiyo," akasema. "Ni wewe." Hakuongeza neno la kunipunguzia, na nilimheshimu kwa hilo. Kisha akasogea kidogo kwenye ngazi, nikakaa. Nikamuuliza walikuwa wanaongea nini wodini siku zote zile. Akasema yeye alikuwa anaongea Kirundi na Eusebio anaongea cha kwake. "Mimi nilikuwa namwambia habari za marehemu mume wangu. Yeye sijui. Hakuna aliyejifanya ameelewa."

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele bila kulazimishwa nikaomba radhi, na saluni nako nikawaambia wateja ukweli, na wakacheka, na sasa hivi kuna wanaoingia na kuniamkia "Mi amor" makusudi waone nitafanya nini. Nafunga mdomo nasuka. Nimejiapiza: kitu nisichokijua nitasema sikijui, hata mbele ya dryer ngapi.

Lakini kabla ya hiyo Jumapili, siku ya Jumanne, Mama Consolate alinipigia. Ndege ya Eusebio ilikuwa kesho yake, anakwenda kumuaga, je, nitamsindikiza? Nikamuuliza kama Lurdes atakuja. Akasema Lurdes yuko kazini. "Sasa nani atatafsiri?"

"Hakuna," akasema.

Tukakaa watatu kwenye benchi nje ya nyumba ya mabaharia, chai kwenye vikombe vya karatasi, kreni za bandari zinapanda na kushuka ng'ambo. Mama Consolate alikuwa amevaa ile kofia. Eusebio aliiangalia muda mrefu, akasema jambo, halafu jingine, kwa upole, na mwishoni akanigeukia mimi, nyusi zimeinuka, akingoja. Maneno yangu kumi yote yalinijia mdomoni kwa pamoja.

"Sielewi," nikamwambia, kwa Kiswahili.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa vizuri, akaendelea kuongea.